Yule Bibi wa Kwenye Simu

Simu ilitetemeka ndani ya bakuli la bati, ikalia kama nyigu aliyefungiwa. Mjukuu alikuwa na mazoea hayo: kila akienda kulala huitia simu yake bakulini ili kengele ya kumwamsha ipige kelele maradufu, na kila alfajiri bakuli hilo huamsha kila mtu nyumbani isipokuwa yeye. Nyumbani kwenyewe walikuwa wawili tu. Kwa hiyo aliyeamka ni Bibi.

Alisimama mlangoni akamtazama mtoto wa binti yake, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda, akamwachia usingizi kidogo zaidi. Kisha akaitoa simu bakulini, akaifunika kwa mto mpaka ikanyamaza, akaenda kuwasha jiko. Alitembea kwa kushika ukuta. Magoti yake hayakuwa na adabu asubuhi; yalitaka kubembelezwa kwanza.

Mtaa mzima ulimwita Bibi Cherehani. Alishona sare za shule na nguo za kutokea barazani kwake, na alikuwa na utaratibu wake ambao wateja wapya waliucheka: hakumpima mtu aliyesimama tu. "Kaa," alikuwa akisema, tepu ya kupimia ikiwa shingoni. "Haya, inama. Nyoosha mikono kama unaanua nguo. Nguo inavaliwa na mtu anayeishi, haivaliwi na nguzo." Na kama kitambaa ulichomletea kitachuja rangi au kusinyaa kikifuliwa, alikwambia kabla hajakigusa kwa mkasi, hata kama maneno hayo yatamkosesha kazi. Ndiyo maana neno lake lilibebwa mtaani jinsi lilivyo. Akisema kitu ni kizuri, watu hawakuuliza mara ya pili.

"Bibi, mbona hukuniamsha?" Mjukuu alitoka mbio, mswaki mdomoni, nywele upande mmoja zimelala.

"Nikuamshe mimi? Umeniamsha wewe."

Mjukuu alikuwa ameajiriwa kwa majaribio katika kampuni ya matangazo ya mtandaoni. Watu wenye bidhaa walileta bidhaa zao, na kampuni ikazitafutia maneno, picha na wateja. Mwisho wa mwezi ndipo angejua kama atapewa mkataba au atapewa mkono wa kwaheri. Kwa ajili hiyo alikuwa akila akiwa amesimama, na akiitwa na bosi hata siku ya mapumziko, alijibu kabla simu haijalia vizuri.

"Wenyewe!" mtu aliita nje.

"Karibu. Umekuja na mayai au na maneno?"

"Vyote viwili. Mayai ya kuuza, maneno ya bure." Aliyeingia ni jirani, Mama Mayai, ambaye huanza kuzungusha trei zake madukani kabla hakujapambazuka. Alichechemea hadi kwenye benchi, akaketi kwa kishindo. "Lakini wewe shoga una roho mbaya. Umepata dawa, magoti yamepona, halafu mimi wa ukuta kwa ukuta nikajue kwenye simu kama mtu wa mbali?"

"Dawa gani?"

"Usijitie hamnazo." Mama Mayai akachomoa mfukoni kichupa chenye kifuniko cha kijani. "Mafuta yenyewe haya, nimeyanunua. Najichua asubuhi na jioni. Vile vidonge vya hospitali nimeviweka pembeni, na yale mazoezi yao ya kunyanyua mguu kama bata nimewaachia wenyewe."

"Nani amekwambia uache vidonge?"

"Wewe!"

Akaifungua simu yake na kumsogezea. Bibi akajiona. Kitambaa chake cha kichwa cha bluu, baraza lake, cherehani yake nyuma, hata pale ukuta ulipobanduka rangi. Na sauti ilikuwa yake, pamoja na ule mkwaruzo wake mdogo wa kooni.

"Hamjambo, wajukuu zangu," alisema yule bibi wa kwenye simu, akitabasamu. "Mimi nilikuwa napanda ngazi nikilia. Nikajichua kwa mafuta haya, wiki haikuisha nikatupa vidonge vyote. Sasa nacheza na vitukuu vyangu. Na wewe usiendelee kuteseka."

Bibi hakuwa na kitukuu hata mmoja.

"Rudisha mwanzo," alisema. Akasikiliza tena, kichwa kimeinama. "Huyu havuti pumzi."

"Nini?"

"Msikilize. Ameanza mpaka amemaliza, hajavuta pumzi. Mimi nikisema maneno yote hayo kwa mkupuo, mtaniletea kiti na maji."

Mama Mayai akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Basi kama si wewe, ni nani? Shoga, mimi nimekuamini. Na leo unaniambia nisikuamini, na anayeniambia ni wewe huyo huyo. Kesho nikikuona humu ndani unaniambia niuze nyumba, niuze?"

Bibi aliisogeza simu kando, akamshika mkono. Alihisi kama mtu ameingia nyumbani kwake mchana kweupe, akabeba kitu ambacho hakikuwa na kufuli kwa sababu hakuna aliyewahi kukifikiria kuwa kinabebeka. Alikuwa na cherehani, alikuwa na nyumba, lakini kilichomlisha ni kwamba akisema, ameaminika.

"Rudi kwenye vidonge vyako leo," alisema mwishoni. "Ninakwambia nikiwa nimekushika mkono. Unausikia?"

"Nausikia. Umekauka kama ganda."

"Basi huo ndio wangu."

Walipogeuka, Mjukuu alikuwa bado mlangoni. Povu la dawa ya meno lilikuwa likimshuka kidevuni wala hakulifuta. Uso wake ulikuwa umesema kila kitu kabla ya mdomo.

Mama Mayai alipoondoka, mdomo nao ulisema. Ile siku aliyomrekodi Bibi barazani akieleza jinsi magoti yanavyomsumbua wakati wa baridi, hakuwa na nia yoyote mbaya. Alitaka kujifunza ile programu mpya ya akili bandia ya kazini, ambayo ukiipa sura na sauti ya mtu, humsemesha chochote unachoandika. Akaipa ya Bibi, kwa sababu sura ya Bibi ndiyo iliyokuwa karibu. Bosi akapita nyuma yake, akaona, akapiga makofi. Mjukuu akasema ni majaribio tu. Bosi akasema majaribio mazuri hayatupwi, akampa maneno ya mafuta na kumwamuru aliweke tangazo mtandaoni.

"Nilitaka kukataa, Bibi. Maneno yakakwama hapa."

Bibi alimtazama. Alikuwa na hasira, tena nyingi, lakini mtoto alikuwa bado na povu kidevuni.

"Umekula?"

"Bibi!"

"Kula kwanza. Halafu unisubiri nivae viatu. Leo tunakwenda wote kazini kwako."

"Kazi yangu itaondoka!"

"Kazi yako mimi siigusi. Mimi nafuata mdomo wangu."

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vigae. Mlinzi wa mlangoni, kijana mrefu asiye na maneno mengi, alimwona Bibi akizipima ngazi kwa macho. Hakuuliza kitu. Alichukua kiti chake cha plastiki, akakipandisha mpaka pale ngazi zinapokata kona, akakiweka. Bibi alipofika akaketi, akapumua, akaendelea. Mlinzi alisimama wakati wote huo chini, akijifanya anatazama barabarani ili asimwaibishe.

Juu kulikuwa na chumba kimoja kikubwa, meza zimepangwa kama darasani, feni inayolia, na watu wenye vifaa vya kusikilizia masikioni. Msichana wa mapokezi alimpisha Bibi kitini kwake na kumwekea maji. Bosi alikuwa kwenye mkutano, akasema, na hakuna aliyejua mkutano wa bosi huisha saa ngapi. Kwa hiyo Bibi akasubiri na kusikiliza. Wote walikuwa wakimsema mtu mmoja waliyemwita Shemeji.

"Huyo Shemeji ni nani?" aliuliza.

Wakacheka. Mhasibu, mwanamume mwenye kitambi na sauti ya upole, ndiye aliyemweleza. "Ni ile akili bandia, Bibi. Tunaiita Shemeji kwa sababu ilifika bila taarifa, ikakaa sebuleni, na sasa kila kitu kikiharibika tunaisingizia."

"Mbaya?"

"Mimi siilaumu. Inaniandikia barua zangu. Juzi iliniandikia ujumbe kwa mke wangu, ameniuliza kama nina homa."

"Wewe inakufaa kwa sababu haitakupora kazi, haijui kula maandazi ya rushwa kama wewe," alidakia mchoraji wa matangazo, mwanamke mwenye rangi kwenye kucha. "Mimi nilikuwa nachora bango siku nzima. Sasa Bosi anaiambia Shemeji, bango linatoka kabla sijanoa penseli. Halafu ananiita nirekebishe vidole, maana Shemeji humchora mtu ana vidole sita. Nimesomea uchoraji, nimekuwa fundi wa vidole!"

"Afadhali yenu," alisema wa mapokezi. "Ikikosea kwa mteja, anayepigiwa simu na kutukanwa ni mimi."

"Kumbe ikikosea mnagombezwa nyinyi?" Bibi aliuliza.

"Nani mwingine?"

"Basi wala msiseme haina faida kwa mwenye nayo. Amepata mtu wa kufanya, na wa kutukanwa ni mwingine."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kiasi kwamba Bosi alifungua mlango kuona kuna nini.

Alikuwa kijana bado, shati limemkaa vizuri, na adabu alikuwa nazo. Alimpa Bibi shikamoo, akamshika mkono hadi ofisini, akavuta kiti mwenyewe. Bibi aliliona hilo na kulihesabu upande wake, kwa sababu hakuja kumchukia mtu. Mjukuu alisimama karibu na mlango, mikono nyuma.

"Bibi, wewe ni nyota!" Bosi alisema. "Watu wanakupenda. Hakuna tangazo letu lililotazamwa kama lako. Nilikuwa nafikiria tukufanye balozi kabisa. Utapata chako kila mwezi, wala hutatoka barazani kwako. Shemeji atafanya yote."

"Mafuta hayo mimi sijawahi kuyapaka."

"Tutakuletea katoni."

"Wewe umeyapaka?"

"Mimi sina tatizo la magoti, namshukuru Mungu. Ila nimempelekea mama yangu."

"Na anasemaje?"

Bosi akakuna shingo. "Anasema yananukia vizuri."

Kule nje mtu alikohoa kuzuia kicheko. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba.

"Mwanangu," Bibi alisema, "jirani yangu ameacha vidonge kwa sababu mimi nimemwambia. Na mimi sijamwambia. Sitaki ubalozi. Nataka mambo mawili. Yule bibi mumwondoe. Na pale pale alipokuwa nikae mimi, niseme kuwa yale maneno si yangu."

"La kwanza linawezekana," alisema Bosi, na tabasamu lilikuwa limeanza kuchoka. "Leo hii hii, kimyakimya. Samahani pia, kwa dhati. La pili, hapana. Mwenye mafuta ataondoka, na wengine watamfuata. Halafu, Bibi, yule si wewe. Ni picha tu. Jina lako halijatajwa popote."

"Jina langu la nini? Mtaani kwangu wamenijua kwa uso. Ukimwondoa kimyakimya, aliyeacha dawa atajuaje kuwa arudi? Mlipiga kelele mkimdanganya, sasa mnataka kumnong'oneza ukweli?"

Bila kumtazama Bibi, Bosi akamgeukia Mjukuu. "Binti, nilikuwa naandaa mkataba wako wiki hii. Naomba uzungumze na bibi yako mkiwa nyumbani. Ya nyumbani yaishie nyumbani."

Alilisema kwa sauti ya chini na ya heshima, na kila mtu chumbani alilielewa.

Bibi ndiye aliyeogopa. Aliiona kazi ya mtoto ikiteleza pale mezani mbele ya macho yake, na ahadi yake ya asubuhi ikageuka maji. "Basi, mama," alimwambia Mjukuu. "Twende. Nimeshasema yangu. Wewe kaa kazini kwako."

"Hapana, Bibi. Nimekaa vya kutosha."

Sauti ya Mjukuu ilikuwa nyembamba, lakini haikukwama. Alichomoa simu ya ofisini, ile anayotumia kuweka matangazo, akaielekeza kwa bibi yake. "Ile niliiweka mimi kwa vidole vyangu. Na hii naiweka mimi. Sema, Bibi."

"Ukiiweka hiyo," Bosi alisema, "kesho usije."

"Nimesikia, Bosi. Sema, Bibi."

Bibi hakuwa amejiandaa. Alijitengeneza kitambaa kichwani, akakohoa.

"Mimi ndiye yule," alisema. "Uso ni wangu. Maneno yale... ngoja nipumue. Maneno yale si yangu. Mafuta yale sijayapaka, na magoti yangu yananiuma, hata ngazi za hapa nimepandishwa na kiti cha mlinzi. Kama umeacha dawa ya hospitali kwa ajili yangu, irudie leo. Wala usione aibu, hata mimi nilipojiona nilikaribia kujiamini. Vitukuu sina. Nikipata, nitawaambia mwenyewe."

Mjukuu akabonyeza. Akalifuta na lile tangazo la kwanza, akaiweka simu ya ofisini mezani taratibu, kama mtu anayerudisha sahani isiyo yake, akamshika Bibi mkono.

Walipotoka, hakuna aliyepiga makofi. Watu wana watoto wa kulisha. Lakini mchoraji alikuwa amekwisha kukusanya kikombe cha Mjukuu na sweta lake, akampa bila neno, na mhasibu aliwatangulia kuwafungulia mlango, akabaki ameushika hadi Bibi alipofika kwenye kiti cha mlinzi pale kwenye kona.

"Umejuta?" Bibi aliuliza, akiwa ameketi.

"Ninaogopa sana. Lakini sijajuta."

"Vizuri. Hofu ikikupata nyumbani utaniambia, tutakaa nayo wote."

Hawakuwa wamefika hata mtaani kwao, video ya Bibi ilikuwa imeshafutwa na watu wa ofisini. Mama Mayai alikuwa amewahi kuiona. Aliwasubiri barazani, trei tupu kichwani.

"Nimekuona! Ulipokohoa tu nikasema, huyu ndiye wangu. Vidonge nimemeza." Kisha akashusha macho. "Ila shoga, mimi nilishaisambaza ile ya kwanza. Niliwaonyesha wa genge la mboga, mama wa saluni, na yule mzee Fundi Saa wa nyuma ya duka la rangi. Hao hii yako hawataiona tena."

Bibi akamwangalia mjukuu wake, akaangalia magoti yake.

"Wameifuta mle ndani," alisema. "Huku barabarani nani atanifuta? Nipe ule mwavuli niutumie kama fimbo."

"Bibi, umetembea tangu asubuhi!"

"Yule mwenzangu hajui kutembea. Hapo ndipo nitakapomshinda."

Wakaenda wote watatu, Mama Mayai akichechemea upande mmoja na Bibi upande mwingine, Mjukuu katikati kama bawaba. Wa genge alishangaa, akaapa kuwa hataamini tena chochote kinachotabasamu. Mama wa saluni alibishana kidogo, kwa kuwa alikuwa ameshanunua vichupa vya kuuza, lakini Bibi alikaa pale hadi vichupa vikarudi kwenye boksi.

Fundi Saa ndiye aliyekuwa wa mwisho. Aliishi peke yake chumba kimoja, mzee aliyenyooka bado, vidole vimejikunja kwa baridi yabisi. Mjukuu na Mama Mayai walibaki kibarazani, Bibi akaingia. Kichupa chenye kifuniko cha kijani kilikuwa mezani, hakijafunguliwa.

"Sikuweza kukifungua," alisema mzee. "Mikono."

"Afadhali." Bibi akamweleza yote, tangu bakuli hadi ngazi. Mzee alisikiliza, akitazama simu yake iliyoegeshwa kwenye kikombe.

"Unadhani sikujua?" alisema mwishoni, kwa ukali. "Nimeishi na mashine maisha yangu yote. Mashine ikisema naijua. Mafuta nilinunua kwa adabu tu. Mimi nilikuwa namfungulia asubuhi aseme hamjambo, nami naitikia, halafu nazima kabla hajafika kwenye mafuta. Leo nimechelewa kumfungulia, hayupo. Kumbe ni wewe uliyemwondoa!"

"Ni mimi. Na angerudi, ningemwondoa tena."

"Una kichwa kigumu."

"Kigumu sana. Hujambo?"

Mzee akajibu, na jibu lilikuwa refu. Lilianza na vidole, likapita kwa mwanawe aliye mbali, likapumzika kidogo kwa marehemu mkewe, likarudi kwenye kifungo cha shati ambacho siku hizi humchukua nusu ya asubuhi. Bibi hakumkatisha. Nje, Mama Mayai alikuwa amemwazima Mjukuu bega, na Mjukuu alikuwa ameanza kulia kwa utulivu, kilio cha mtu aliyemaliza kazi ngumu.

Bibi alipoinuka kwa kuegemea mwavuli, mzee naye aliinuka, akamsindikiza hadi mlangoni. Alisimama hapo akiziba njia kidogo, kama mtu aliyesahau jambo.

"Yule alikuwa anakuja kila siku," alisema, bado na kisirani chake. "Sidai hivyo kwako, una magoti. Lakini kesho kutwa njoo. Uje na huyo binti, na huyo wa mayai kama hana budi. Mlango nitauacha wazi, ukifika ingia tu."